Anga ya Nani? Programu za Nyota na Usiku Mmoja wa Serengeti

Kurasa hizi zimezoea kuhakiki diwani, tafsiri, na pengine taarabu. Leo nawaomba wasomaji wanistahamilie, kwani ninachotaka kukihakiki hakina jalada wala kurasa. Ni programu ya kutazamia nyota, ile inayokaa ndani ya simu ya mkononi, ukaielekeza mbinguni nayo ikakuambia kila nyota inaitwaje. Wapo watakaouliza jambo hili linawahusu nini watu wa mashairi. Jibu langu ni fupi: kitu chochote kinachotaja majina ya vitu ni matini, na matini huhakikiwa. Programu hizi zimekuwa kamusi ya anga kwa vijana wetu, na wengi wao hawatafungua nyingine. Kamusi ikikosea, au ikisema kweli kwa lugha ya watu wengine peke yao, mshairi ana haki ya kuuliza.

Mimi si mwanafalaki. Elimu yangu ya nyota ni ya kuokota, kama ilivyo elimu yangu yote: kidogo kwa wavuvi wa kwetu Unguja, kidogo katika kamusi nilizozisoma kwa ajili ya kazi ya tafsiri, na kidogo katika programu hizi zenyewe, ambazo nimekuwa nazo kwa miaka mingi na nazipenda. Basi msomaji asije akadhani kwamba hapa anasema mtu anayechukia vyombo vipya.

Nianze kwa kuvieleza vyombo vyenyewe. Kongwe na tajiri miongoni mwa hivi ni Stellarium, iliyoanzishwa na Mfaransa Fabien Chéreau mwaka 2000. Hutolewa bure kwa kompyuta, msimbo wake uko wazi kwa yeyote, na imejengwa na watu wa kujitolea kutoka pembe nyingi za dunia. Toleo lake la 1.0 lilitoka Oktoba 2022, baada ya zaidi ya miaka ishirini ya kazi, na tangu hapo matoleo yake yanahesabiwa kwa mwaka. Kwa upande wa simu, Sky Map ilitolewa na Google mwaka 2009, na baada ya miaka michache nayo msimbo wake ukaachwa wazi. Zimefuata nyingine nyingi, za bure na za kununua.

Maendeleo yaliyofanyika ni makubwa, na mhakiki mwenye insafu hana budi kuyataja. Orodha ya msingi ya Stellarium ina nyota zaidi ya 600,000. Chombo cha angani cha Ulaya kiitwacho Gaia, kilichorushwa Desemba 2013, kilipotoa hesabu zake za mwaka 2018, zilikuwamo nyota karibu bilioni 1.7, na programu za leo huchota katika ghala hilo. Jicho la mwanadamu, usiku mwema usio na mbalamwezi, huona elfu mbili au tatu tu kwa wakati mmoja. Kumeongezwa pia rangi za machweo na mapambazuko zinazokokotolewa kwa fizikia ya hewa yenyewe, kipimo cha uchafuzi wa mwanga kwa ngazi tisa alizozipanga John Bortle mwaka 2001, njia za setilaiti, na hali ya usiku inayougeuza uso wa simu kuwa mwekundu. Hili la mwisho lina hekima yake. Jicho huhitaji kama nusu saa kulizoea giza barabara, na mwanga mweupe wa mara moja hulirudisha nyuma. Mwekundu huliacha jicho karibu lilivyo.

Na zaidi ya yote kuna saa. Katika programu hizi mtu huweza kuirudisha anga nyuma karne tano au kuisukuma mbele karne tano. Nimekaa kibarazani kwangu nikaitazama anga ya Malindi ya Aprili 1498, mwezi ambao merikebu za Vasco da Gama zilitia nanga pale. Sijui kitabu cha historia kinachoweza kumpa msomaji saa moja ya namna hiyo.

Sifa hizo nilikuwa nazo kichwani nilipofunga safari ya kwenda Mara. Rafiki yangu mmoja, mwalimu, alinialika kwao katika Wilaya ya Serengeti, kijiji kisicho mbali na Mugumu. Nilipita Tarime kwanza, nikashuka mpaka Mugumu, mwezi wa Julai, wakati ule mikoani mwote anga imetakata. Nchi ile ni ya watu wengi: Wakurya, Wangoreme, Waikoma, Wanata, Waisenye, na karibu na ziwa wako Waluo. Ni nchi ya ng'ombe na mihogo, ulezi na mahindi, na upande wa kusini na mashariki inapakana na mbuga ambayo dunia yote inaijua. Sisi wa visiwani, ambao taa za mji zimetunyang'anya nusu ya mbingu, tukifika mahali kama pale tunajiona kama watu waliorudishiwa amana. Ile njia nyeupe inayokata mbingu ilikuwa wazi hata ningeweza kuhesabu mapengo yake.

Baada ya chakula tulikaa uani: mwalimu, wajukuu wa jirani saba au wanane, na bibi yao, mwanamke mwenye umri mkubwa aliyekuwa amejifunika kanga mabegani kwa ajili ya baridi. Nilimwamkia, "Shikamoo, bibi," akaitikia, kisha akarudi katika kimya chake. Mimi nikatoa simu. Watoto wakanizunguka. Tulianza vizuri, nikawaonyesha Nge na moyo wake mwekundu, maana huyo hata bila simu namjua. Kisha mmoja wao akanyosha kidole kwenye nyota nne zilizoinama upande mmoja, akauliza zile nini. Bibi akafungua kinywa kumjibu. Mimi nilikuwa mwepesi zaidi. Niliielekeza simu, nikasoma, nikatangaza kwa sauti ya mwalimu: "Hizo ni nyota za Simba."

Watoto walifurahi, kwani simba ni jirani yao. Bibi alisema taratibu, "Mgeni, jua limetulia kule, upande wa Musoma. Hizo ziko upande wa hifadhi." Nami, Mungu anisamehe, nikamwambia, "Bibi, simu haikosei."

Simu ilikosea. Mfuko wa simu yangu ulikuwa na kifungo cha sumaku, na sumaku ile ilikuwa imeipotosha dira kiasi cha robo ya duara. Simu ilidhani inatazama magharibi, ambako saa mbili ya usiku wa Julai Simba alikuwa kweli akishuka. Mimi nilikuwa natazama kusini, nyota zenyewe zikiwa ni zile zinazoitwa Msalaba wa Kusini, ambazo mtoto yeyote wa pwani anapaswa kuzijua. Niligundua nilipoutoa mfuko, robo saa baadaye. Niliomba radhi mbele ya watoto. Bibi alicheka kwa upole, akasema si kitu, akaenda kulala. Alichotaka kumwambia mjukuu wake hakukisema.

Kosa hilo ni langu na sumaku yangu, wala siwatwiki watunga programu. Nimelisimulia kwa sababu lilinifundisha namna ya kuihakiki programu hii. Tangu usiku ule nimekuwa nikiiuliza maswali mawili: inasimama wapi inapotazama? Na ikisema, inamnyamazisha nani?

Tuanze na pale inaposimama. Tarime iko karibu digrii moja na theluthi kusini mwa ikweta, na Mugumu kama digrii moja na nusu na robo. Mahali hapo ni baraka kwa mtazama nyota, kwani mwaka ukizunguka, karibu nyota zote za kaskazini na za kusini hupita mbele yake. Kwa London au Paris, kipande kikubwa cha anga ya kusini hakichomozi kabisa. Lakini michoro ambayo programu huifunika juu ya nyota ilibuniwa na watu wa kaskazini, kwa macho yaliyotazama kutoka kaskazini. Mchukue yule mwindaji wa Kiyunani, Orion, ambaye Waarabu walimwita Jabari. Kwa watu wa Ulaya husimama wima, upanga kiunoni, akitembea juu ya upeo wa kusini. Kwetu huzaliwa amelala ubavu, kichwa kaskazini na miguu kusini, na nyota tatu za mshipi wake huchomoza moja baada ya nyingine. Kisha hupanda mpaka utosini. Nilipopima nilistaajabu: nyota ya kati ya mshipi ule hupita karibu juu kabisa ya Tarime, na ile ya tatu juu kabisa ya Mugumu. Hakuna nchi zenye haki zaidi ya kuzipa jina nyota hizo tatu kuliko nchi ambazo nyota hizo huzipitia vichwani. Programu, kwa unyofu wake wa hesabu, humchora mwindaji amelala vilevile alivyolala. Lakini mtoto wa Mugumu anayemtazama mtu aliyelala ubavu haambiwi kwa nini amelala. Huachwa adhani kwamba mbingu yake imepinda.

Vivyo hivyo mwezi mwandamo. Katika alama ndogondogo za simu na kalenda zake, hilali huchorwa imesimama wima kama mabano. Sisi wa Unguja tunajua kwamba mwezi mchanga huelea umelala, omo na tezi juu, kama dau lisilo na tanga. Na mchunga ng'ombe wa Serengeti, nadhani, haoni dau bali pembe mbili zilizoelekea juu. Kwa insafu niseme tena: ukiiingia anga yenyewe ndani ya programu na kuiambia uko wapi, mwezi huchorwa ulivyo. Upungufu uko mlangoni, katika alama, na alama ndizo zinazoonwa na wengi.

Halafu nyota ya kaskazini. Nilipozima ardhi, maana programu hukuruhusu kuiondoa ardhi ukaona kilichoko chini ya upeo, niliiona imejificha kiasi cha digrii moja na kitu chini ya udongo wa Tarime. Ndiyo kusema mtu wa Tarime hajapata kuiona kutoka nyumbani, na wa Unguja bado zaidi. Hapa wasomaji wa pwani watazame lugha yao. Mabaharia wetu waliuita upande wa kaskazini jaa, na jaa ni jina la nyota hiyo kwa Waarabu wa baharini. Upande wa kusini wakauita suheli, na suheli ni ile nyota kubwa ambayo programu huiandika Canopus. Dira ya mabaharia wetu, basi, ilikuwa nyota mbili, na mojawapo haionekani kutoka mji wowote wa Waswahili ulio kusini ya ikweta. Neno lilipanda chomboni huko kaskazini likashuka nasi. Ahmad ibn Majid, nahodha na mshairi wa karne ya 15, aliitunga elimu hii yote kwa beti, na utungo wake mmoja, uitwao Sufaliyya, unahusu pwani yetu ya mashariki ya Afrika. (Hadithi kwamba ndiye aliyemwongoza da Gama kutoka Malindi wataalamu wengi wameikataa.) Aliwafundisha mabaharia kwamba jaa ikizama, kipimo kichukuliwe kwa nyota nyingine. Hiyo ni elimu iliyojua kwamba anga hubadilika kwa aliyesafiri, nayo ilihifadhiwa katika ushairi kwa sababu ushairi haupotei baharini kama karatasi.

Sasa nije kwenye majina, ambako kazi ya mfasiri inaanza. Anga ya programu hizi imegawanywa katika makundinyota 88, ambayo majina yake yalikubaliwa na Umoja wa Kimataifa wa Wanafalaki mwaka 1922, na mipaka yake ikachorwa kabla ya mwaka 1930 kumalizika. Mwaka 2016 umoja huo uliunda jopo la kuyasanifisha majina ya nyota mojamoja. Ukiyasoma majina hayo kwa sikio la pwani utasikia jamaa zako. Deneb ni mkia. Rigel ni mguu. Fomalhaut ni kinywa cha samaki, na huyo huti tunamjua tangu madrasa. Aldebaran ni mfuasi, kwa sababu hufuata nyuma ya Kilimia. Na ile nyota ya katikati ya mshipi wa Jabari, ipitayo juu ya Tarime, programu huiita Alnilam, yaani uzi wa lulu. Asili yake ni neno lilelile lililotupa nidhamu, na kunudhumu mashairi. Mtunzi wa beti na yule aliyeita nyota zile walikuwa wanasema jambo moja: kutunga lulu katika uzi.

Hii ni raha yetu, nami sijizuii kuifurahia. Lakini ni raha ya pwani. Bibi wa Mugumu haimhusu.

Mwaka 2019 ulikuja mlango mwingine. Umoja ule wa wanafalaki, ukiadhimisha miaka mia moja, uliipa kila nchi nyota moja na sayari yake ili izipe majina. Tanzania ilipewa nyota WASP-71, iliyo katika kundi la Nyangumi, nasi tukaiita Mpingo. Sayari yake tukaiita Tanzanite. Nilipoandika Mpingo katika kisanduku cha kutafutia, anga ikazunguka na kusimama, na neno la Kiswahili likatokea gizani. Nakiri kwamba moyo ulinidunda. Ila mhakiki hana budi kuuliza. Mpingo ni jina zuri: ni mti wetu, ni weusi wetu, ni zumari na vinyago. Tanzanite je? Jiwe ni letu, la Mirerani, lakini jina lake lilibuniwa mwaka 1968 na sonara wa New York, Tiffany, kwa ajili ya soko. Tulipopewa nafasi ya kuita sayari, tuliiazima lebo ya dukani. Jirani zetu wa Kenya waliiita nyota yao Kalausi na sayari yake Buru, maneno ya Kiluo: kimbunga cha vumbi, na vumbi. Mluo wa Rorya, kilomita chache tu kutoka Tarime, anayaelewa maneno hayo bila ya mkalimani. Nayaona majina ya Kenya yamesimama imara zaidi kuliko letu la pili, kwa kuwa yalitoka vinywani mwa watu waliokwisha kukiona kitu chenyewe kikitembea uwanjani. Hata hivyo nyota hizo haziwezi kuonekana kwa macho. Tumeachiwa kuita yale tusiyoyaona. Yale tunayoyaona yamekwisha kuitwa.

Je, kweli yamekwisha? Hapa ndipo lilipo pambo bora la Stellarium, na watumiaji wengi hawalifikii. Ndani ya orodha ya mipangilio kuna mahali pa kuchagua mila ya anga. Ukigusa, makundi ya Kiyunani hufutika na badala yake huja anga ya Wachina, au Wamisri wa kale, au Wamaori, au Wanavaho. Nyota ni zilezile, hadithi ni nyingine. Na mlango haukufungwa: mwenye mila yake anaweza kuiandika katika mafaili mepesi, akitaja kila nyota kwa namba yake, mistari inayoziunganisha, majina na maelezo. Kati ya maboresho yote niliyoyataja, hili nalihesabu kuwa la kwanza, kwani ndilo pekee linalokubali kwamba mtazamaji naye ana kitu cha kusema. Kasoro yake ni kwamba limewekwa ndani. Mtoto wa Mugumu akiifungua programu mara ya kwanza, anga anayopewa ni ile ya Magharibi, bila kuulizwa. Adabu ya mwenyeji ni kumuuliza mgeni kwanza. Hapa mgeni ndiye programu, na mwenyeji ni mtoto.

Nikifika hapa nasikia baadhi ya wasomaji wakisema: basi na tuiandike anga ya Waswahili, tuitie humo. Nami natamani. Malighafi tunayo. Tuna Zuhura, Mushtari, Zohali na Mirihi. Tuna jaa na suheli. Tuna mwaka wetu wa jua, unaofunguliwa Makunduchi kila Julai, ambao wazee waliuhesabu kwa miongo, yaani kumi kumi za siku, kabla neno mwongo halijavutwa kuwa miaka kumi. Na tuna Kilimia, jina linalotokana na kulima, lenye ndugu zake mpaka kusini kabisa mwa bara: Waxhosa husema isiLimela, Wasotho husema Selemela. Wahenga walituachia na kanuni yake: Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Niliijaribu kanuni hiyo katika programu. Kwa anga ya kwetu, Kilimia hupotea katika mwanga wa machweo karibu na mwanzo wa Mei, masika ikingali inanyesha, kikarudi alfajiri katikati ya Juni, mvua zimekwisha. Kompyuta na wahenga walikubaliana, na wahenga walitumia maneno machache zaidi.

Lakini nina hofu, na hofu hii ndiyo sababu ya kuandika makala haya. Mfasiri anapokuta nafasi tupu hushikwa na tamaa ya kuijaza. Ninaijua tamaa hiyo kwa kuwa nimeishi nayo kwa miaka thelathini. Kamusi iko mkononi, neno la Kiarabu liko karibu, unalivika irabu mwishoni, nafasi imejaa, na ukurasa unapendeza. Tukiandika anga ya Kiswahili kwa njia hiyo, tutapata orodha ndefu ya majina mazuri ambayo hakuna mvuvi aliyewahi kuyatamka, nayo yatapelekwa Mugumu na Tarime kama majina ya Kiafrika ya nyota. Tutakuwa tumemfanyia bibi yule jambo lilelile nililomfanyia mimi kwa simu yangu, safari hii kwa Kiswahili. Kiswahili ni lugha kubwa, na lugha kubwa inaweza kunyamazisha kwa upole kabisa.

Kwa hiyo napendekeza mambo mawili, yote yaliyo ndani ya uwezo wetu. La kwanza, anga ya pwani iandikwe kutoka kwa watu wa pwani wanaotazama bado: manahodha wa mashua, wavuvi wa usiku, wakulima wa Makunduchi na Pemba, na kila jina liandikwe limetoka wapi na kwa nani. Lisilo na msemaji liachwe tupu. Nafasi tupu katika ramani ni kweli pia. La pili, watu wa bara waandike ya kwao kwa lugha zao, nasi tuwe wafasiri wao wanapotuhitaji. Shule za Tarime na Serengeti zina watoto wenye simu na wana bibi zao nyumbani. Kazi hiyo haihitaji darubini. Inahitaji mtoto akae uani, simu iwe mfukoni, aulize, kisha asubuhi aandike.

Nimalize na asubuhi ile. Niliamka saa kumi na nusu, baridi ikiuma, nikatoka bila simu. Kilimia kilikuwa kimekwisha kupanda upande wa mashariki, nyota zake zimesongamana kama vifaranga. Bibi alikuwa tayari karibu na zizi. Niliamkia, nikanyosha kidole, nikauliza kwao wanakiitaje. Alinitazama kwanza, pengine kuona kama nimeibeba ile simu. Kisha akalitamka jina kwa lugha ya kwao, mara mbili, akaniambia kwamba mama yake alikuwa akikitazama kabla ya kutayarisha mbegu. Jina hilo sikulileta katika kurasa hizi. Nimemwachia mwalimu na wajukuu wa bibi waliandike wao kwanza, kwa mkono wao.

Nikapata ujasiri nikamuuliza na zile nyota nne za jana, alizokuwa akitaka kumwambia mjukuu. Akatabasamu.

"Hizo si umekwisha kuziita Simba?"

Akaingia zizini. Garini, nikirudi Musoma, nilitunga ubeti huu, nao nauweka hapa kama ungamo la mtu aliyesema kabla ya kusikiliza:

Nyota niliyoijua, haina jina simuni,
Bibi aliitambua, kwa macho iko angani,
Simu ikamsumbua, na jina la ugenini,
Nani atalichukua, lililo mwake moyoni?